Bustani za Suzhou ni Mali ya Nani?

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo ni ya kwetu, lakini ni vigumu kupata mahali inapothibitika zaidi kuliko mji wa Suzhou, mashariki ya China. Mgeni apitaye katika vichochoro vya mji ule wa kale haoni ila kuta ndefu zilizopakwa chokaa nyeupe, vigae vya kijivu juu yake, na hapa na pale mlango mweusi usio na majivuno yoyote. Hakuna dalili ya kumwambia kwamba nyuma ya ukuta ule kuna maziwa madogo, majabali, vichaka vya mianzi, madaraja na vibanda vya kupumzikia ambavyo washairi na wachoraji wamevisifu kwa muda wa karibu miaka elfu. Wenyeji wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja hawatashangazwa na desturi hiyo ya kuficha uzuri ndani, maana nyumba zao za mawe nazo humwonyesha mpita njia ukuta mtupu. Lakini mgeni mwenye haraka, akiridhika na mlango, atarudi kwao akisema kuwa Suzhou hakuona kitu.

Nia ya makala haya si kumtamanisha msomaji safari ya mbali. Bustani za Suzhou zinastahili kutazamwa na kufikiriwa hata na yule asiyetarajia kufika huko, kwa sababu zinatuuliza swali ambalo kila taifa lenye urithi wa kale hulikabili. Zilijengwa na watu wachache, kwa fedha zao au za wengine, kwa ajili ya starehe ya nafsi zao. Leo huingiwa na mamilioni ya watu kila mwaka. Waliozijenga wamekufa, watoto wao wamezipoteza, majeshi yamezikanyaga, na hata hivyo zipo. Je, zimebakije? Na maadamu zipo, ni mali ya nani?

Kwanza yafaa tuujue mji wenyewe. Suzhou uko katika jimbo la Jiangsu, yapata kilomita 100 magharibi ya Shanghai, kando ya Ziwa Tai, mojawapo ya maziwa makubwa ya maji baridi nchini China. Masimulizi ya historia yasema kwamba mji huo uliasisiwa mwaka 514 kabla ya kuzaliwa Kristo na Wu Zixu, waziri wa Mfalme Helü wa dola ya Wu, na tangu hapo haujahama mahali pake. Mwaka 1229 ramani ya mji ilichongwa juu ya bamba la jiwe ambalo limehifadhiwa hadi leo. Na anayelitazama ataona barabara na mifereji ya maji ikienda sambamba, mlango wa mbele wa nyumba ukielekea barabarani na wa nyuma ukielekea majini, takriban kama ilivyo sasa katika sehemu nyingi za mji mkongwe. Mfereji Mkuu, ule unaounganisha Hangzhou na Beijing, hupita hapo, nao ndio uliopeleka mchele na hariri ya Suzhou kaskazini na kurudisha fedha.

Wala nchi ile si ngeni kabisa kwetu sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi. Bandari ya kale ya Liujiagang, katika Taicang ambayo leo ni sehemu ya utawala wa Suzhou, ndiko zilikokusanyika merikebu za Amiri Zheng He kuanzia mwaka 1405. Safari za baadaye za merikebu hizo zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China, akapokewa kama mnyama wa bahati njema. Basi wakati mabaharia wale wakitweka matanga, baadhi ya bustani tunazozisimulia hapa zilikwisha kuwapo.

Kwa kuwa mji ulikuwa na mali, na kwa kuwa vijana wake walifaulu sana katika mitihani ya kuingia utumishi wa mfalme, Suzhou ulijaa maofisa wasomi. Walipostaafu, au walipofukuzwa, walirudi nyumbani na kujenga bustani. Baina ya karne ya 16 na ya 18 bustani za watu binafsi mjini zilifikia kiasi cha 200. Nyingi zimetoweka. Katika zilizobaki, shirika la UNESCO liliziingiza nne katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na tano nyingine mwaka 2000, mwaka ule ule ambao Mji Mkongwe wa Unguja nao uliingizwa katika orodha hiyo.

Mtu aliyezoea bustani za Ulaya, mathalani ile ya Versailles, ambamo njia hunyooka kama uzi na jicho huona yote kwa mara moja, atapotewa akiingia katika bustani ya Suzhou. Humu hakuna njia iliyonyooka. Mara nyingi kitu cha kwanza kumkabili mgeni ni kilima cha mawe au ukuta, uliowekwa makusudi ili umzuie kuona. Akizunguka, hufunguka kidogo: tundu la dirisha lenye nakshi, tawi la msonobari, kipande cha maji. Akienda mbele, kile alichokiona hutoweka na kingine huzuka. Madaraja yamekunjwa pembe kwa pembe ili kila kona impe mtembezi mandhari mengine. Shoroba zenye paa hupanda na kushuka kwa kufuata ardhi. Milango mingine ni duara kamili kama mwezi mpevu, na ukisimama mbele yake huona picha iliyokwisha kutiwa fremu, isipokuwa picha hiyo ina upepo ndani yake.

Kwa ufundi huo nafasi ndogo hufanywa kubwa. Bustani ya Wangshi Yuan, yaani Bustani ya Bwana wa Nyavu, haifiki hata ekari mbili, pamoja na makazi yake; hata hivyo mtu aweza kupitisha asubuhi nzima humo bila ya kuona kwamba amerudia njia. Bwawa lake liko wazi katikati, na majengo makubwa yamesogezwa nyuma kidogo ya kingo zake ili yasiyaelemee maji. Kwenye pembe moja kuna daraja dogo la jiwe linalovukwa kwa hatua chache tu. Lau daraja hilo lingekuwa kubwa, bwawa lingeonekana dogo. Kwa kuwa daraja ni dogo, bwawa huonekana ziwa.

Ufundi huu ulikuwa na vitabu vyake. Ji Cheng, aliyezaliwa mwaka 1582 katika wilaya ya Wujiang karibu na Suzhou, alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mjenzi wa bustani. Katika miaka ya 1630 aliandika kitabu kiitwacho Yuanye, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza nchini China kueleza kazi hiyo kwa ukamilifu. Mojawapo ya mafundisho yake ni kuazima mandhari: kuupanga uwazi wa bustani hivi kwamba mlima au mnara ulio mbali, usio mali ya mwenye bustani, uonekane kama kwamba ni wake. Katika bustani kubwa ya Zhuozheng Yuan mtu asimamaye upande wa mashariki wa bwawa na kutazama magharibi huuona mnara wa hekalu la Beisi ukichomoza juu ya miti, kana kwamba umesimama mwisho wa maji. Mnara huo uko nje kabisa ya ukuta, mitaa kadhaa kutoka hapo. Nchini China kwenyewe kitabu cha Ji Cheng kilisahauliwa kwa karibu miaka 300. Kilihifadhika Japani, na ni katika karne ya 20 ndipo kiliporudi kuchapishwa kwao. Hata maarifa, kama bustani, hufa yasipopata mtunzaji.

Walakini bustani hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya macho peke yake. Ndani ya Zhuozheng Yuan kuna kibanda kiitwacho Kibanda cha Kusikiliza Mvua, na kando yake imepandwa migomba. Sisi ambao mgomba kwetu ni chakula huenda tukacheka kusikia kwamba migomba ile haikupandwa kwa tamaa ya ndizi. Ilipandwa ili mvua inaponyesha, matone yayapige majani yake mapana na aliyekaa kibandani asikie. Jengo jingine la humo limeelekezwa kwenye mayungiyungi ya bwawani, nayo sauti yake inayosifiwa ni ile ya mvua ya majira ya kupukutika majani, wakati majani ya yungiyungi yamekwisha kukauka. Kibanda cha tatu kimejengwa kwa umbo la kipepeo cha mkono, na jina lake ni swali: Nikae na nani? Wapenzi wa ushairi wa Kichina walijua jibu la swali hilo kutoka katika mashairi ya kale, nalo ni mwezi na upepo. Ni vigumu kumpata mtu wa kizazi chetu aliye na subira ya kukaa na wenzi hao wawili.

Sasa na tuwatazame wenyewe. Ni jambo la kushangaza kwamba wengi wao walikuwa watu walioangushwa. Bustani ya Canglang Ting, yaani Kibanda cha Mawimbi, ndiyo kongwe kuliko zote zilizomo katika orodha ya UNESCO. Aliyeianzisha ni mshairi Su Shunqin. Mwaka 1044 alikuwa ofisa katika mji mkuu wa Kaifeng. Akauza makaratasi makuukuu ya ofisini na kuitumia fedha hiyo kwa karamu ya watumishi. Maadui wa kisiasa wa kundi lake wakaikuza habari hiyo hata ikawa kesi ya wizi wa mali ya dola, naye akafukuzwa. Alikuja Suzhou, akanunua ardhi iliyoachwa kwa sarafu 40,000, akajenga kibanda kando ya maji. Miaka michache baadaye alikufa akiwa bado kijana. Kibanda kimehamishwa na kujengwa upya mara kadhaa, lakini jina lipo, na maji yapo.

Karibu miaka 500 baadaye alikuja Wang Xianchen, mkaguzi wa serikali katika enzi ya Ming, ambaye alikuwa amekwisha kupigwa viboko na kuhamishiwa mbali kwa sababu ya fitina za ikulu. Mnamo mwaka 1509 alianza kuijenga Zhuozheng Yuan, jina ambalo maana yake ni Bustani ya Mtawala Asiye Hodari. Alilitoa katika maandishi ya mshairi wa kale, Pan Yue, aliyesema kwamba kumwagilia bustani na kuuza mboga ndio utawala unaomfaa mtu asiye stadi wa siasa. Rafiki yake, mchoraji mashuhuri Wen Zhengming, aliichora bustani hiyo katika picha 31 mwaka 1533. Wang alidhani kwamba amejipatia kimbilio lisilo na mwisho. Lakini baada ya kifo chake, mwanawe aliiweka bustani nzima kuwa dau la kamari na kuipoteza, na masimulizi yasema kwamba ilikuwa ni kwa usiku mmoja. Cha mlevi huliwa na mgema, na cha mcheza kamari kadhalika.

Tangu usiku huo bustani ilipita mikononi mwa watu wengi, ikagawanywa vipande vitatu, na mwaka 1860, majeshi ya uasi wa Taiping yalipouteka mji, jemadari wao Li Xiucheng aliifanya kuwa sehemu ya makao yake. Bustani ya Liu Yuan nayo ina kisa chake. Ilianzwa na Xu Taishi mwaka 1593. Baada ya miaka 200 ilikuwa ya mtu wa ukoo wa Liu, na watu wa mjini wakazoea kuiita Bustani ya Liu. Sheng Kang alipoinunua mwaka 1873 hakushindana na ndimi za watu. Aliiacha sauti ile ile ya jina, akabadilisha herufi tu, ikawa na maana ya kubakia au kukawia. Huenda alitaraji kwamba ukoo wake ungebakia humo. Haukubakia. Kilichobakia ni bustani.

Hapa inatulazimu tuseme jambo ambalo wasifiaji wa bustani hulipita upesi. Uzuri huu ulikuwa na gharama, na si mwenye bustani peke yake aliyeilipa. Mapambo yanayothaminiwa zaidi humo ni mawe ya chokaa kutoka Ziwa Tai, yaliyoliwa na maji kwa miaka mingi hata yakawa na matundu na mikunjo kama moshi ulioganda. Wajuzi huyapima kwa sifa nne: wembamba, mikunjo, matundu ya kupitisha mwanga, na uwazi wa ndani. Mwanzoni mwa karne ya 12 Mfalme Huizong, aliyekuwa mchoraji hodari na mtawala dhaifu, aliyataka mawe hayo kwa ajili ya bustani yake ya Kaifeng. Kazi ya kuyakusanya akapewa Zhu Mian, mtu wa Suzhou. Watumishi wake waliingia katika nyumba za watu, wakaona jiwe au mti mzuri, wakaubandika alama ya mfalme, na kuanzia hapo mwenye nyumba alikuwa mlinzi wa mali isiyo yake. Jiwe likiwa kubwa kupita mlango, ukuta ulibomolewa. Madaraja na malango ya miji yalivunjwa ili merikebu za mawe zipite.

Matokeo yake hayakukawia. Mwaka 1120 Fang La aliongoza uasi katika nchi za kusini, na maelfu ya watu waliochoshwa na unyang'anyi huo wakamfuata. Uasi ulizimwa, lakini dola ilikuwa imekwisha kuchakaa. Majeshi ya Wajurchen yalipouzingira mji wa Kaifeng, mawe ya bustani ya mfalme yalivunjwa yakawa makombora ya kurushia adui, miti yake ikawa kuni, na paa wake wakawa kitoweo cha askari. Mwaka 1127 Huizong alichukuliwa mateka, akafia utumwani. Katika bustani ya Liu Yuan lipo jiwe moja refu, lenye urefu wa meta 6.5, liitwalo Kilele Kilichovishwa Wingu, ambalo inasimuliwa kwamba ni sazo la shehena zile za mfalme zisizofika. Mgeni alitazamapo na kustaajabia umbo lake, yafaa akumbuke pia bega lililolibeba.

Tena ni haki kuwakumbuka mafundi. Majina ya wenye bustani yamechongwa juu ya mawe. Ya wajenzi, isipokuwa machache, yamepotea. Katika machache hayo limo la Ge Yuliang, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alikijenga kilima cha mawe cha Huanxiu Shanzhuang. Kina urefu wa meta 7 hivi, nacho kiko katika ua mdogo. Lakini ndani yake kuna mabonde, mapango na magenge, na mtu apitaye humo hudhani kwamba amepanda mlima wa kweli. Wengine wengi walitoka katika vijiji vya Xiangshan kando ya Ziwa Tai, maskani ya maseremala na waashi ambao ufundi wao umerithiwa baba kwa mwana. Kuuona ufundi huo haimlazimu mtu kuinua macho. Atazame chini: njia za bustani zimetandazwa kokoto, vipande vya vigae na vya sahani zilizovunjika, vikapangwa kuwa maua, samaki na korongo. Kitu ambacho kwingine kingetupwa jaani, hapa kimefanywa zulia.

Kufikia mwaka 1949, baada ya vita vya Japani na vya wenyewe kwa wenyewe, nyingi ya bustani hizi zilikuwa magofu. Serikali mpya ingeweza kuziona kuwa ni masalio ya mabwanyenye na kuziacha zianguke. Badala yake, katika miaka ya 1950 zilizo kuu zilitengenezwa, zikafunguliwa kwa umma: Zhuozheng Yuan mwaka 1952, Liu Yuan mwaka 1954. Mwaka 1961 hizo mbili ziliwekwa katika orodha ya kwanza ya urithi unaolindwa na taifa. Hatusemi kwamba mambo yalikwenda bila kasoro. Bustani nyingine ndogo zilitumiwa kuwa viwanda au makazi ya wafanyakazi, na misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, baina ya 1966 na 1976, haikuuhurumia urithi wa kale. Profesa Liu Dunzhen, aliyezipima na kuzichora bustani za Suzhou kwa miaka mingi pamoja na wanafunzi wake, alifariki dunia mwaka 1968 bila ya kukiona kitabu chake. Kilichapishwa mwaka 1979, na michoro yake imekuwa hazina kwa kila fundi atakaye kutengeneza kilichobomoka.

Ufundi uliookolewa haukubaki nyumbani tu. Mwaka 1980 mafundi 27 kutoka China walikwenda New York kujenga, ndani ya jumba la makumbusho la Metropolitan, ua mmoja ulioigwa kutoka Wangshi Yuan. Nguzo zilichongwa China, na matofali yakachomwa katika tanuri ya kale karibu na Suzhou iliyowashwa tena kwa ajili ya kazi hiyo. Na kule Suzhou kwenyewe, mwaka 2006, jumba jipya la makumbusho lilifunguliwa ubavuni mwa Zhuozheng Yuan. Msanifu wake, I. M. Pei, alikuwa amekwisha kukaribia umri wa miaka 90. Utotoni alicheza katika mapango ya mawe ya Shizilin, yaani Msitu wa Simba, bustani iliyoanzishwa na watawa wa Kibuddha mwaka 1342 na kununuliwa na jamaa yake mnamo 1917. Bustani ile ya ukoo sasa ni ya umma. Naye, uzeeni, akaupa umma ua mwingine. Katika jumba lake alipanda kipandikizi kilichotolewa katika mmea mtambazi wenye vichala vya maua ya zambarau, ambao inasemekana ulipandwa jirani na hapo na mkono wa Wen Zhengming. Mwenye bustani na mwanawe mcheza kamari wamesahauliwa na wengi, bali mmea wa rafiki ungali unachanua.

Leo hatari ya bustani hizi si majeshi wala kamari. Hatari yake ni sisi wageni. Mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na rafiki zake wawili watatu hupokea umati unaosukumana darajani, kila mmoja akijipiga picha na kupita. Hatuwezi kuulaumu umati kwa kuwapo. Wavuja jasho waliobeba mawe wana haki zaidi kuliko yeyote ya kuketi kivulini mwake, na mtoto wa mfanyakazi aingiaye leo kwa tikiti huingia mahali ambapo babu yake angesimamishwa mlangoni. Lakini haki huja pamoja na wajibu. Aingiaye bustanini kwa haraka haibi kitu, ila hutoka mikono mitupu. Afadhali aende asubuhi mapema lango linapofunguliwa, au siku ya mvua. Achague bustani moja badala ya nne. Atafute benchi, akae, anyamaze. Bustani iliyotengenezwa ili ifunguke kidogo kidogo haiwezi kumfungukia mtu mbio.

Wenye kutawala miji nao wana la kujifunza. Mwaka 1982 Suzhou ulitajwa miongoni mwa miji 24 ya kwanza ya kihistoria inayolindwa nchini China. Mpango wa mji wa mwaka 1986 uliamua kwamba mji mkongwe uhifadhiwe wote na ujenzi mpya upelekwe nje yake. Majengo ndani ya mji mkongwe yamewekewa kipimo, yasizidi meta 24 kwenda juu. Viwanda na maghorofa yakapelekwa magharibi na mashariki, ambako tangu 1994 ulijengwa mji mzima mpya kwa ushirikiano na Singapore. Kwa sababu hiyo ndiyo mnara wa Beisi bado waonekana mwishoni mwa bwawa la Zhuozheng Yuan. Ghorofa moja tu ndefu iliyojengwa mahali pabaya ingeyafuta mandhari yaliyoazimwa tangu zamani, bila ya jiwe hata moja la bustani kuguswa. Somo hilo si la Wachina peke yao. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa kuliko yote mbele ya bahari ya Unguja, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo kuingizwa katika orodha ya dunia hakulishikilii lisianguke. Hushikiliwa na fundi anayelipwa, chokaa inayopakwa kwa wakati wake, na paa linalozibwa kabla ya masika.

Basi turudi kwenye swali letu. Bustani za Suzhou hazikuwa mali ya Wang Xianchen, ingawa aliandikiwa ardhi. Hazikuwa za jemadari aliyezipata kwa upanga, wala za mfalme aliyewanyang'anya watu mawe. Kila mmoja wao alikuwa mpangaji tu, na muda wake ukaisha. Zimekuwa ni za yule aliyezibua mfereji ukiziba, aliyerudisha kigae kilichoanguka, aliyepima na kuchora ili wajao wajue, na aliyepanda mmea akijua kwamba kivuli chake kitawafaa wengine. Sisi nasi, kila mmoja katika mji wake, tumeachiwa kitu cha namna hiyo. Tukiulizwa kama ni chetu, tusionyeshe hati, tuonyeshe mikono.